DOSBox-X: FoxPro ya DOS kwenye Windows 11, kwa maduka na maghala ya Tanga

Bado zipo ofisi Tanga, kuanzia maduka ya vipuri ya Ngamiani hadi maghala ya mkonge, zinazoweka hesabu za stoo kwenye programu iliyoandikwa kwa FoxPro 2.6, programu ya hifadhidata ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Programu yenyewe haina neno. Kinachokufa ni kompyuta: hewa ya chumvi inakula miguu ya chipu na nafasi za kadi, na mashine mpya inakuja na Windows 11. Ukibofya FOXPRO.EXE unaambiwa haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii. Windows ya biti 64 haina NTVDM, kile kipande kilichokuwa kikiendesha programu za DOS, na Windows 11 haitolewi kwa biti 32. Windows 10 ya biti 32 inacho, lakini huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kumwekea mteja hesabu zake zote juu ya mfumo huo si kumtendea haki.

DOSBox-X, programu inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya Windows, ndiyo tunayoipendekeza. Ni bure, na haidai leseni hata kwa biashara. Isichanganywe na DOSBox ya kawaida, toleo 0.74-3, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya michezo: haina printa, na kufunga rekodi wakati watu wawili wanaandika pamoja si kazi iliyokusudiwa. DOSBox-X ina vyote viwili, ila inabidi uvipange kwanza. Anayeisakinisha na kuiacha ilivyo atailaumu bure.

Anza na folda. Hamisha kila kitu kwenda C:\DUKA, kwa majina mafupi ya herufi nane. Usiweke ndani ya Program Files, kwa kuwa Windows inazuia kuandika humo. Wala usiweke kwenye folda inayojipandisha yenyewe mtandaoni, kwa sababu kipandishaji kinaishika faili sekunde ileile FoxPro inapotaka kuiandika. Kama data ilitoka kwenye CD, faili zote zitakuwa za kusomwa tu. Zifungue kwa attrib -r C:\DUKA\*.* /s kabla ya lolote.

Kisha fungua dosbox-x.conf, faili ya mipangilio ya DOSBox-X. Kwenye sehemu ya autoexec andika mount c c:\duka -freesize 1024, mstari unaofuata c:, halafu jina la programu. Hiyo freesize si pambo. Programu nyingi za zamani zinapima nafasi ya diski kwa namba ndogo, na zikikutana na diski ya mamia ya gigabaiti hesabu inafurika, unaambiwa diski imejaa wakati iko tupu. Kwenye sehemu ya dos weka share=true na file access tries=3. Huo wa pili ndio mstari wenye thamani kuliko yote kwa hifadhidata: faili ikiwa imeshikwa na mwingine, DOSBox-X inajaribu tena mara tatu badala ya kurudisha kosa papo hapo. Kumbukumbu ya megabaiti 16 inaitosha hata FOXPROX.EXE, FoxPro ile inayotumia kumbukumbu kubwa zaidi.

Ikitokea "Divide error" programu inapoanza tu, data ni nzima. FoxPro inajipima kasi ya mashine inapoamka, na kwenye prosesa ya leo muda unaopimwa unakuwa sifuri, kisha inajaribu kugawa kwa hiyo sifuri. Weka cycles=fixed 20000 na upandishe taratibu. Mwendo huo ni zaidi ya kutosha kwa leja ya duka, na pia unaipunguzia joto kompyuta ya mkononi.

Printa ndiyo inayokula siku ya fundi. Sehemu ya parallel inakuja ikiwa imezimwa; andika parallel1=printer. Kwenye sehemu ya printer weka printoutput=printer ili kazi iende kwenye printa ya Windows, iwe ya leza au nyingine yoyote. DOSBox-X inaigiza ESC/P2, lugha ya amri za printa za Epson, kwa hiyo ripoti pana za safu 132 zilizotumia herufi zilizobanwa zinatoka sawasawa. Karatasi lakini imepangwa kwa kipimo cha Marekani, width=85 na height=110, yaani sehemu za kumi za inchi. Kwa A4 badilisha ziwe 83 na 117, la sivyo mistari ya chini inarukia ukurasa wa pili. Risiti nyingi hazimalizii kwa amri ya kutoa karatasi. Zinabaki zimening'inia hadi mteja wa pili aje. Hapo timeout=5000 inatoa ukurasa baada ya sekunde tano za ukimya.

Kosa moja ambalo DOSBox-X haiwezi kulitibu ni la mwaka. FoxPro 2.6 ikiandikiwa 05/03/27 inaelewa 1927, na duka la dawa litaona shehena iliyoingia jana imeshaisha muda. Faili ya DBF, ile yenye rekodi zenyewe, inatunza tarehe kwa tarakimu nane, mwaka mzima ukiwemo, kwa hiyo dawa ipo kwenye CONFIG.FP, faili ya mipangilio ya FoxPro: CENTURY = ON na DATE = BRITISH. Visanduku vya skrini vilivyokatwa kwa herufi nane itabidi vipanuliwe viwe kumi, na hilo linahitaji faili za PRG, yaani msimbo wa asili wa programu.

Mahali inapochechemea ni mtandao. Mashine mbili kwa waya, sawa. Kwa Wi-Fi hatuishauri hata kidogo, maana muunganisho ukipotea katikati ya kuandika, faharasa, yaani faili ya CDX inayopanga rekodi ili zipatikane haraka, inaharibika. Umeme ukikatika ni vivyo hivyo. Kichwa cha DBF kinabeba idadi ya rekodi kwenye baiti ya 5 hadi ya 8. FoxPro isipowahi kuandika idadi mpya, rekodi za mwisho zipo kwenye diski lakini hazihesabiwi. UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, ni lazima, na karani afundishwe kutoka kwa menyu ya programu, asifunge dirisha kwa alama ya X.

Faharasa ikivurugika: USE STOO EXCLUSIVE, kisha REINDEX. Ikigoma, DELETE TAG ALL na uzijenge upya kwa INDEX ON. Nakala ya akiba ichukue DBF, FPT (yenye maelezo marefu) na CDX kwa pamoja, programu ikiwa imefungwa. Ukitaka kuchungulia data kwa LibreOffice, fungua nakala tu, kwa kuwa ukihifadhi humo upana wa safu unaweza kubadilika na programu ikaikataa faili.

Wenye programu za Clipper, lugha nyingine ya hifadhidata ya DOS, na ambao faili za PRG bado wanazo, wana njia bora zaidi: kuzikusanya upya kwa Harbour, kikusanyaji kinachoelewa lugha ya Clipper, nacho ni bure, wapate programu ya Windows halisi isiyohitaji DOSBox-X kabisa. Wenye EXE pekee wabaki hapa.