Peponi au Maisha Yangu?

Dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, swali la wanunuzi ni moja: nianze na kitabu kipi? Kijana wa kidato cha tatu kwenda juu nampa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Yusuf anaondoka kwao akidhani anasafiri na mjomba, kumbe ametolewa kulipia deni la babake. Ukifika hapo huachi tena. Wa shule ya msingi asubiri.

Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, kitabu cha Shaaban Robert kuhusu maisha yake mwenyewe, si kipya, ila mwandishi ni wetu, mzaliwa wa Vibambani, hapa Tanga. Wazee hukinunua haraka. Nasaha zimezidi kidogo, nakiri, lakini Kiswahili chake! Ukiwa na pesa ya kimoja, chukua Peponi.