Duka la chakula cha mifugo Kongowea, Mombasa: ghala ni zuri, maelezo ya udongo wa kunasa sumu yarekebishwe

Duka hili lililo nyuma ya soko la Kongowea huwahudumia wafugaji wa kuku wa nyama kutoka Kisauni na Mtopanga pamoja na wenye punda wa mikokoteni ya maji, nami ni mteja wao wa muda mrefu. Sifa yao kubwa ni ghala. Magunia hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na mahindi hupimwa unyevu mbele ya mteja. Yakizidi asilimia 13.5 hayapokelewi. Mashudu ya mbata, ambayo huota ukungu upesi katika hewa yetu ya pwani, huletwa kidogo kidogo ili yasikae. Kwa uangalifu huo wanapunguza sana hatari ya aflatoksini kuongezeka ghalani, sumu ya ini ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya waliokula mahindi yaliyoota ukungu.

Lakini mahindi makavu si lazima yawe salama kwa moyo wa mnyama. Kuvu wa jamii ya Fusarium huyavamia mahindi yakingali shambani, na sumu yao hubaki hata punje zikikaushwa vizuri, kwa hiyo kipima unyevu hakiwezi kuionyesha. Mojawapo ni fumonisini, ambayo huvuruga utengenezaji wa sfingolipidi, yaani mafuta yanayohitajika katika tando zinazozunguka seli. Kwa nguruwe, uvurugaji huo huzuia kalsiamu kuingia inavyopasa katika misuli ya moyo, moyo ukashindwa kusukuma damu, na mapafu yakajaa maji. Farasi na punda hujulikana zaidi kwa kuharibika ubongo, ingawa kwa farasi imeonekana pia kwamba moyo hupiga polepole na kwa nguvu ndogo. Nyingine ni moniliformini, inayozuia seli kupata nishati kutoka kwenye sukari. Kuku na bata mzinga waliolishwa sumu hiyo kwa wingi katika majaribio walipatikana na mioyo iliyotanuka. Hapa Mombasa kuku wa nyama akianguka ghafla mwezi wa Februari tunasema ni joto, na mara nyingi ni joto kweli, ila mzoga hutupwa bila daktari wa mifugo kuupasua na kuutazama moyo.

Ndiyo maana sikuridhika na namna wanavyouza udongo wa bentonaiti wa kuchanganya na chakula. Muuzaji huueleza kuwa kinga ya sumu zote za ukungu, na wafugaji huondoka wakiamini hivyo. Bentonaiti huinasa aflatoksini vizuri tumboni, na kwa kazi hiyo ninaupendekeza bila kusita. Uwezo wake dhidi ya fumonisini na moniliformini ni mdogo mno kutegemewa. Mwenye punda akiambiwa vinginevyo atanunua pumba yoyote, na pumba ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu fumonisini hukusanyika katika maganda, punje zilizovunjika na vumbi la kinuni. Duka linaweza kusahihisha maelezo hayo bila gharama. Ningependa pia wapepete mahindi kabla ya kusaga, waandike kila shehena imetoka wapi, na mara kwa mara wapeleke sampuli maabara kupima fumonisini, jambo ambalo wafugaji kadhaa tungekuwa tayari kulichangia.

Bei zao ni za juu kidogo kuliko za wauzaji wa pembeni mwa barabara, na kwa ghala la namna ile ninaziona za haki. Mzigo huletwa mpaka nyumbani siku hiyo hiyo. Wakati wa masika, hakikisha tuktuk inayoubeba ina turubai, na gunia lililolowa lirudishwe na dereva yule yule kabla halijashushwa.