StatsBank ya Ghana: takwimu za bure zilizookoa mtaji wangu wa shule

Jamani naandika hii kwa yeyote anayetaka kufungua kitu Ghana, hasa huku kaskazini. Mimi ni mtu wa Tanga ila niko Tamale mwaka wa tano sasa, nimeolewa huku, na mwaka jana nilibakiza kidogo tu nifute kabisa wazo langu la shule ya awali kwasababu ya karatasi nne za takwimu nilizozilipia kwa hela yangu mwenyewe. Kilichoniokoa ni StatsBank, ile huduma ya mtandaoni ya Ghana Statistical Service, yani ofisi ya takwimu ya serikali, na ni bure kabisa, unahitaji bando na uvumilivu basi.

Nianze na hizo karatasi nne. Kuna watu wa ushauri wa biashara nilielekezwa kwao, jina naliacha, nikawaambia nataka kujua kama Tamale kuna watoto wa kutosha kwa shule ya KG (kindergarten, yani awali), maana Ghana hizo KG miaka miwili ni sehemu ya elimu ya msingi ya lazima tangu 2007, mtoto anaingia na miaka 4. Wakachukua sedi zangu (hela ya Ghana), wiki mbili baadae wakaniletea majibu: mkoa wa Northern unapungua watu, sensa ya 2010 ulikuwa na 2,479,461 na sensa ya 2021 umeshuka mpaka milioni 2.31. Mji wa Tamale nao umesimama, 2010 watu 371,351 na 2021 watu 374,744, yani miaka kumi na moja watu elfu tatu tu wameongezeka. Ushauri wao mtaji uende kusini, Accra.

Mume wangu akasoma akanyamaza, alafu akasema basi tuiache. Mimi nilikosa raha kabisa kwasababu kila asubuhi nikitoka getini naona kitu kingine, naona bajaji imepakia watoto sita wa yunifomu na wawili wamekaa kwa dereva, naona msingi wa nyumba mpya kila mwezi upande wa barabara ambako nilivyofika palikuwa shamba la mahindi. Sasa mji ambao haukui hao watu wanaojenga wametoka wapi?

Ndio nikaingia StatsBank. Kwa ambaye hajawahi kuitumia, haiko kama zile ripoti za PDF za kurasa mia mbili unazosoma mpaka macho yanauma (hizo zipo pia, na ni nzuri, nitazisema). Hii unajitengenezea jedwali mwenyewe. Unachagua sensa, unachagua mada, alafu zinakuja boksi: eneo, jinsia, umri, mjini au kijijini, unabonyeza unachotaka kila boksi na ukitaka vitu viwili vitatu kwa pamoja unashikilia Ctrl, mwisho unabonyeza jedwali linatoka, unalipakua linafunguka kwenye Excel. Mara ya kwanza nilichagua kila kitu likaja jedwali refu kama kanga isiyokatwa, baada ya siku mbili mkono ulishazoea. Ghana ina mikoa 16 na wilaya 261 na zote zimo, kwahiyo huzungumzii "Ghana" tu kwa ujumla, unazungumzia wilaya yako.

Nikawa na wifi yangu siku hiyo, yeye ni mwalimu, kazaliwa hapahapa. Nikamuonesha Tamale 371,351 kwenda 374,744. Akaangalia sekunde chache akaniuliza, "Na Sagnarigu umeiweka wapi?" Nikamwambia Sagnarigu si wilaya nyingine. Akasema ni nyingine sasa hivi, mwaka 2010 ilikuwa ndani ya Tamale, imekatwa 2012!

Aisee nilisimama. Nikarudi kwenye jedwali nikaitafuta Sagnarigu, 2021 ina watu 341,711. Alafu tukaenda kwenye ripoti ya wilaya ya sensa ya 2010 ambayo wameigawa upya kwa mipaka mipya, kumbe ile 371,351 ni ya Tamale na Sagnarigu pamoja: Tamale yenyewe 223,252, Sagnarigu 148,099. Kwahiyo ukilinganisha eneo lilelile kwa eneo lilelile ni 371,351 kwenda 716,455. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi na moja! Na Sagnarigu peke yake, huko huko ninakoona misingi ya nyumba, imezidi mara mbili. Wale wa ushauri walichukua Tamale nzima ya 2010 wakailinganisha na nusu yake ya 2021.

Na mkoa ni hivyohivyo. Desemba 2018 Ghana walipiga kura ya maoni, mikoa ikatoka 10 ikawa 16, na mkoa wa Northern ukazaa miwili, Savannah na North East. Kila mmoja 2021 una watu laki sita na nusu na ushee. Ukiirudisha kwa mama yao unapata kama milioni 3.6, kutoka milioni 2.48. Nchi nzima imekua kutoka milioni 24.66 mpaka milioni 30.83, ambayo ni kama robo, na huku kwetu ni karibu nusu. Eti unapungua!

Sitaki kuwaonea, inawezekana ni haraka tu. Lakini mtu anayelipwa kwa takwimu lazima aangalie mipaka ya eneo kabla ya kuangalia namba, na huu ndio mtego mkubwa wa takwimu za Ghana kwa mgeni, wilaya zinakatwa kila baada ya muda, jina linabaki lilelile na ardhi imepungua. StatsBank yenyewe inakupa namba kwa mipaka ya wakati wa sensa, kuunganisha ni kazi yako. Tafuta mtu mzima wa eneo husika akae pembeni yako, wifi yangu alinisaidia kwa swali moja kuliko karatasi nne.

Kuhusu ubora wa hesabu zenyewe niseme nilichokiona kwa macho, maana mimi mwenyewe nimo kwenye hiyo milioni 30.8. Sensa ilitakiwa ifanyike 2020, Covid ikaisogeza, usiku wa sensa ukawa Jumapili tarehe 27 Juni 2021, na ilikuwa ya kwanza Ghana kutumia vishkwambi badala ya makaratasi. Kabla ya hapo walipita kuandika namba kwenye kila jengo kwa chaki, herufi PHC (kifupi cha Kiingereza cha sensa ya watu na makazi) na namba zake, na serikali ikaomba watu wasizifute. Pale kwa mama mkwe waliandika juu ya mlango wa jiko la nje, mvua ikaja ikafuta nusu, ile P na H zilibaki karibu mwaka mzima.

Swali lenyewe linaulizwa hivi, nani alilala hapa usiku wa tarehe 27? Sio nani anaishi hapa. Kijana wa sensa alikaa kwenye mkeka uani na kishkwambi chake, tukaanza kuhesabiana, shemeji aliyelala kwa rafiki yake akatolewa, mgeni kutoka Yendi aliyekuja kwenye msiba akaingizwa. Alipofika kwa mama mkwe akauliza umri, mama akasema yeye hajui mwaka, anajua kwamba Nkrumah alivyochukua uhuru alikuwa binti wa kutumwa maji na ndoo ndogo anaibeba mwenyewe. Uhuru ni Machi 1957, ndoo ndogo unabeba na miaka saba nane hivi, kijana akapiga hesabu akaandika 72. Niliipenda sana ile subira yake, hakumharakisha mama.

Ila ujue basi kwamba umri wa wazee kwenye hizi sensa ni wa kukadiria kwa wengi, na watu wanapenda namba zinazoishia na sifuri na tano, ndio maana ukifungua umri wa mwaka mmoja mmoja unakuta 40 wamejaa na 41 wachache. Tumia makundi ya miaka mitano mitano, yanatulia zaidi.

Na hilo la "alilala wapi" lina jambo lingine ambalo linanigusa. Mabinti wengi wa huku kaskazini wanaenda Accra na Kumasi kubeba mizigo sokoni kwa kichwa, wanaitwa kayayei, wengine wanalala nje mbele ya maduka. Usiku ule wa tarehe 27 waliolala nje walihesabiwa hukohuko walipolala. Kwahiyo binti wa kijiji cha Savannah anaonekana ni mtu wa Accra. Kwa hesabu ya nchi ni sawa kabisa, lakini ukitazama jedwali la kijiji chao ukaona wasichana wa miaka 15 mpaka 19 ni pungufu, usije ukadhani hawakuzaliwa.

Sasa Accra. Greater Accra ndio mkoa wenye watu wengi zaidi sasa, 5,455,692, umeupita Ashanti wenye 5,440,463. Tofauti ni watu elfu kumi na tano tu, ndio maana rafiki wa mume wangu anayetoka Kumasi, mji mkuu wa Ashanti, mpaka leo hakubali. Na nchi imeshavuka nusu kuwa ya mjini, asilimia 56.7.

Kwa mtu wa shule kama mimi jedwali tamu kuliko yote ni la umri. Watoto chini ya miaka 15 mwaka 2000 walikuwa asilimia 41.3 ya nchi, 2010 asilimia 38.3, 2021 asilimia 35.3. Sehemu yao inashuka asilimia tatu kila sensa bila kukosa, na ukubwa wa kaya umetoka watu 4.4 mpaka 3.6 ndani ya miaka kumi na moja. Hii maana yake ni kwamba wazazi wanazaa wachache na wanakuwa tayari kutoa zaidi kwa kila mtoto, hiyo ni tafsiri yangu lakini naiona pia kwa majirani. Huku kwetu bado kaya ni kubwa kuliko Accra, nyumba ya mama mkwe peke yake ingemjaza yule kijana ukurasa.

Kitu kingine ambacho Watanzania tutakishangaa, wanauliza kabila na dini. Kwetu sensa haijauliza kabila wala dini tangu 1967, hata ile ya 2022 haikuuliza, na mimi nimekua nikiona ndio sawa. Ghana wanauliza na wanatangaza: Wakani asilimia 45.7, Mole-Dagbani ambao ndio wakwe zangu 18.5, Waewe 12.8, Waga na Wadangme 7.1. Wakristo 71.3, Waislamu 19.9. Nilipoona mara ya kwanza roho ilinipiga kidogo, nikajua hapa watu watagombana. Ila kwa kazi yangu imenisaidia, nilijua mapema kwamba eneo langu wazazi wengi ni Waislamu na lugha ya nyumbani ni Kidagbani, kwahiyo mwalimu wa darasa la kwanza la KG lazima awe anaongea Kidagbani na Ijumaa tutoke mapema. Sijabadili msimamo kuhusu kwetu, lakini hapa nimeelewa kwanini wenzetu wanaona ni kitu cha kawaida.

Mwisho hesabu niliyofanya, labda itamsaidia mtu. Majedwali ya wilaya niliyotumia yanaweka 0 hadi 4 kundi moja, na mimi nilitaka wa miaka 4 na 5 wa 2025, sio wa 2021. Wa miaka 4 na 5 wa 2025 walikuwa na mwaka 0 na 1 siku ya sensa, kwahiyo nikachukua kundi la 0 hadi 4 la Sagnarigu nikagawanya kwa tano nikazidisha mara mbili. Ni makadirio ya jikoni, hayajui waliohamia wala waliofariki, lakini yalinitosha kuona kwamba nikipata hata mtoto mmoja kati ya mia darasa zangu mbili zinajaa. Ukitaka picha ya elimu zaidi kuna ripoti ndogo ndogo za sensa zilizogawanywa kwa mada, ya umri na jinsia ni 3B, ya kusoma na kuandika ni 3D, zote unapakua bure.

StatsBank nawapa nyota tano, na natamani kila ofisi ya takwimu Afrika ingekuwa na kitu cha hivi ambacho mama wa nyumbani mwenye laptopu ya mkopo anaweza kukitumia bila kumuomba mtu.

Kiwanja tumechukua upande wa Sagnarigu, bati zimepanda mwezi uliopita na tunafungua muhula ujao. Fomu ya kwanza imeletwa juzi na bibi mmoja, mjukuu wake wa kike, tarehe ya kuzaliwa 2 Julai 2021. Huyo hayumo kwenye jedwali lolote, alizaliwa siku tano baada ya usiku wa sensa. Kwenye daftari langu nimemuandika namba 1.