Mwaka mmoja baada ya sliivu: operesheni walinifanyia vizuri, kupona ndo hawakuniandaa

Nimekaa na hii kitu moyoni mwaka mzima, leo naiandika. Januari 2025 nlifanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, ile wanaita sliivu, kwenye hospitali moja ya binafsi hapa hapa Mombasa. Jina sitaji, sitaki kumharibia mtu kazi, na dokta alonipasua mikono yake namuombea dua mpaka leo. Nlikuwa kilo 122 na urefu wangu ni sentimita 160, sukari ipo, presha ipo, magoti ndo usiseme, nikishuka feri Likoni kupanda ule mlima mpaka kwa matatu nasimama mara tatu nikitafuta pumzi. Sa hivi nna kilo 84, dawa za sukari nimetolewa, mlima napanda na mtoto nimemshika mkono. Kwa hivo mtu asinielewe vibaya, sijutii hata kidogo. Ila kwa siku ya operesheni walinitayarisha vizuri mno, na kwa zile wiki zilofuata nyumbani, mie na watu wangu tulikuwa gizani.

Nianze na walichofanya sawa kwa sababu haki ni haki. Kabla ya operesheni nlipimwa damu, moyo, nkamezeshwa kamera kuangaliwa tumbo, nkawekwa wiki mbili kwa vitu vya maji tu ili ini lipungue dokta apate nafasi ya kufanya kazi. Akanichorea kwa karatasi, tumbo linakatwa karibu robo tatu au zaidi kidogo, linabaki kama ndizi, na ile sehemu inayotolewa ndo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini, ndo maana hamu ya kula inashuka hata kabla uzito haujashuka. Nlielewa kila kitu. Akanambia pia hatari zake, kuvuja pale walipofunga, damu kuganda miguuni, na dalili za kukimbilia hospitali: homa, moyo kwenda mbio bila kuacha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hizo mpaka leo nazijua kwa kichwa.

Jumanne nkapasuliwa, jioni ile ile sista akaninyanyua nitembee mpaka mlangoni nirudi. Alhamisi nkapewa ruhusa. Siku ya kutoka nlipewa karatasi moja, imeandikwa kizungu, mbele chakula nyuma dawa, sista akanisomea haraka haraka dakika kumi maana kulikuwa na mgonjwa mwengine anangoja kitanda, mie bado kichwa kizito na dawa za maumivu. Mume wangu yuko chini kaunta analipa bili. Mamangu yuko nyumbani Mtongwe anapika. Sa niambieni, nani hapo aloandaliwa?

Niwaeleze jambo moja la kwetu. Kwetu mtu akipasuliwa tumbo tunamjua mmoja tu, mzazi, yaani mwanamke alojifungua. Anatoka hospitali analazwa, anafungwa tumbo, anapewa uji wa pilipili manga, supu, vitu vya moto na vya kushiba, siku arubaini haingizi mkono majini, na kazi ya kila anayekuja kumtazama ni kumwambia kula, kula upate nguvu. Mamangu alizaa saba na analea wazazi wa mtaa mzima, hiyo kazi anaijua kuliko sista yeyote. Alinipokea kwa mapenzi yake yote kama mzazi. Na hii operesheni inataka kinyume cha kila kitu anachokijua yeye. Usilale, tembea kila saa damu isigande. Usishibe, sipu tu. Usifungwe tumbo likabanwa. Mamangu hakukosea hata kidogo, hakuna alomwita akamwambia bi mkubwa, huyu si mzazi, huyu ni mgonjwa wa aina nyengine.

Siku ya nane akanipikia bokoboko. Karatasi imeandikwa mwezi wa kwanza vitu vya maji halafu vitu laini, na bokoboko ni laini, si ndo tunawapa wagonjwa na wazee wasokuwa na meno? Ngano imepondwa na nyama mpaka imekuwa moja, samli juu. Nkala vijiko vitatu. Wallahi nlihisi kama mtu ameniwekea jiwe hapa kifuani, mate yanajaa mdomoni siwezi kuyameza, nkatapika mpaka machozi, na kila nikitapika naona zile nyuzi ndani zinakatika. Hazikukatika alhamdulillah. Mamangu analia pembeni anafikiri ameniua. Nkapiga simu klinik asubuhi, nkaambiwa si laini ya aina hiyo, wiki mbili za mwanzo ni kitu kinachopita kwenye kichujio, wiki ya tatu na ya nne kilichosagwa kama chakula cha mtoto, halafu ndo mayai, samaki na vitu vya kuponda kwa uma, cha kawaida mpaka karibu miezi miwili. Sa hayo maneno si yangekuwa kwa karatasi? Karatasi yenyewe inataja jibini ambayo sijawahi kuiona duka lolote Likoni. Haikutaja uji, haikutaja mbaazi, haikutaja samaki wa kupaka, ambavyo ndo vilivyokuja kunilisha. Mbaazi zilizosagwa na kuchujwa na tui jepesi, samaki changu aliyechemshwa akapondwa, maziwa, mayai, hivyo ndo vilinipa protini yangu, maana wanataka gramu 60 kwa siku angalau na tumbo lenyewe haliingii kitu.

Maji ndo yalitaka kunimaliza. Unatakiwa unywe kama lita moja na nusu kwa siku, kwa sipu, usinywe ukiwa unakula na usubiri nusu saa baada ya kula. Fanya hesabu hiyo Januari na Februari Mombasa, joto lile, stima zikipotea feni inasimama, unatoka jasho umelala tu. Sikuwa nafikisha hata nusu lita. Na vidonge vyangu vya presha nikaendelea navyo kama kawaida, pamoja na kile cha kukojoza, kwa sababu hakuna alonambia nisiendelee. Siku ya kumi na moja nkaamka kwenda msalani dunia ikazunguka, nkashika mlango. Mume wangu akanipeleka zahanati ya karibu, presha 88 kwa 54. Nkawekewa maji ya dripu chupa mbili na daktari kijana pale akauliza swali moja tu, nani amekwambia uendelee na dawa hizi? Sikuwa na jibu. Uzito unashuka, maji hayatoshi, dawa za presha na za sukari lazima zipunguzwe, hichi ni kitu kinajulikana, mgonjwa angeambiwa siku ya kutoka angejipima mwenyewe nyumbani. Hapa nina uchungu mpaka leo na sifichi.

Alonisaidia kwenye maji ni huyo huyo mamangu baada ya kuelezwa. Alitoa kabatini vile vikombe vidogo vya kahawa chungu, visokuwa na mkono, akapima kimoja kwa bomba la sindano kutoka kemisti, kinaingia mililita hamsini ukikijaza vizuri. Akavipanga thelathini kwenye sinia asubuhi, ukimaliza kimoja unakipindua. Jioni sinia ikiwa imepinduliwa yote umefika. Hakuna programu ya simu ilonisaidia kama ile sinia.

Maumivu ya bega pia. Usiku wa kwanza nyumbani bega la kushoto linauma kama limepigwa nyundo, nkajua ni moyo, saa nane usiku tunapiga namba ya wodi haishikwi. Kumbe ni ile gesi wanayojaza tumboni wakati wa operesheni ili waone, inabaki kidogo, inasumbua msuli wa chini ya mapafu na maumivu unayasikia begani, dawa yake ni kutembea na siku chache inaisha. Sentensi moja tu hiyo. Tungelala.

Mambo mengine nayataja haraka. Wiki ya tatu mzani ulisimama siku kumi, nkalia nikidhani operesheni imeharibika, kumbe huwa inatokea kwa wengi. Mwezi wa nne nywele zikaanza kutoka mafungu, zilirudi zenyewe kama mwezi wa tisa. Mambo ya mimba, kwamba mwanamke anaweza kushika kirahisi zaidi uzito ukishuka na wanataka usubiri mwaka mpaka mwaka na nusu, nliyasikia miezi mitatu baadaye, nlipouliza mwenyewe. Na huzuni. Hili la huzuni nalisema taratibu kwa sababu nlikuwa naona aibu. Maisha yetu ya hapa yote yako kwenye sinia, harusi, arubaini, Iddi, mnakaa mnakula pamoja mkono mmoja. Unakaa pale na kijiko chako cha chai unaona kama umetengwa, na watu wanakuuliza mbona huli, umetuchukia? Nlilia sana wiki ya tano. Hakuna alonambia hili lipo na linapita.

Ramadhani ikanikuta wiki ya sita. Mji huu! Wodini kwetu nusu ya wagonjwa ni Waislamu na hakuna hata mmoja alotaja saumu. Nlipiga simu mwenyewe, dokta akanambia mwaka huu usifunge, maji hutaweza kuyafidia kati ya futari na daku, na ustadh wetu nlipomuuliza akanambia mgonjwa ana ruhusa, utalipa ukipona. Vizuri, lakini ningefunga kwa kutojua, na wako watakaofunga.

Kitu kimoja cha nyumbani walikifundisha vizuri nacho nakisifu. Sindano za kuzuia damu kuganda, tulipewa za siku kumi na nne. Sista mmoja mtu mzima alimwita mume wangu ndani, akamkalisha, akamwonyesha anavyofinya ngozi ya tumbo, akamwambia hebu fanya wewe nikuone, akafanya. Haikukosewa hata siku moja. Na huyo huyo ndo alonambia Brufeni na diklo, zile dawa za maumivu, nisiguse tena zinaumiza tumbo, na kwa vile kemisti zetu unapewa bila kuulizwa hilo limeniokoa mara mbili tayari. Mnaona? Walipomuita mtu wa nyumbani na kumfundisha kwa mkono, mambo yalikwenda. Robo saa ilitosha.

Kwa hivo ukiniuliza alama, operesheni yenyewe tisa kwa kumi, matayarisho ya kabla nawapa nane, ya kupona nyumbani nne, na hizo nne tatu ni za yule sista. Kliniki za baadaye ni nzuri, nafuatiliwa damu kila baada ya miezi, vitamini namezeshwa na nitameza maisha yote, B12 ilishuka mwezi wa kumi nkaanzishwa sindano.

Anayefikiria kwenda, uliza kabla hujalipa: dawa zangu za presha na sukari nani atazipunguza na lini? Namba ya usiku inashikwa? Karatasi ya chakula ipo ya Kiswahili, na vyakula vya sokoni Kongowea? Mimi ningerudia operesheni hii kesho, na hospitali ile ile, lakini siku ya mtu wa lishe nisingekwenda peke yangu. Ningempitia mamangu Mtongwe, nivuke naye feri, akae kile kiti cha mbele aulize yeye.