Kuibadilishia mbao Lee-Enfield ya mwaka 1943: uzoefu wangu

Bunduki yangu ni Lee-Enfield No. 4 Mk I*, iliyotengenezwa Long Branch, pembeni mwa Toronto, mwaka 1943. Ni ile .303 (tundu la mtutu wake ni inchi .303) ambayo kwetu Afrika Mashariki wengi wanaijua kwa jina la Mark 4. Ninaishi Edmonton, na kila Novemba ninaitumia kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Nimemaliza kuibadilishia mbao zote, kitako na mbao ya mbele, baada ya kuzungukia wauzaji na hatimaye kufika kwa fundi. Nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili sikuona kitu, ndiyo maana naandika.

Nianze na hali niliyoinunua nayo, kwa sababu hapa Kanada utazikuta nyingi za namna hiyo. Baada ya vita jeshi liliuza bunduki hizi kwa bei ya chini, na wawindaji wakazipunguza uzito kwa msumeno. Mbao ya mbele ilikatwa katikati, vifuniko vya mbao vya juu ya mtutu vikatupwa, pete za chuma zikapotea. Yangu ilikatwa hivyo hivyo. Juu ya hapo, kitako kilikuwa na ufa pale kinapoingia kwenye chuma. Mtu aliwahi kuuziba kwa gundi, na kila nilipopiga risasi ulikuwa unafunguka kidogo. Bunduki ya .303 inapiga teke la kutosha, na kitako chenye ufa si kitu cha kuweka shavu.

Kabla ya kununua mbao yoyote, pima mtutu. Wa No. 4 una urefu wa inchi 25.2, na mdomoni una vijino vidogo vya kushikia singe. Kama vijino vipo na urefu ni huo, bunduki inaweza kurudishiwa umbo lake la jeshi. Kama mtutu nao umekatwa, usihangaike na mbao ndefu. Tafuta kitako tu na mbao fupi ya mbele, basi. Wangu ulikuwa mzima, na niliposhusha kipimo nikaamua nitairudisha ilivyotoka kiwandani. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, askari wa King's African Rifles, akapelekwa Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na .303 za ukoo huu ndizo walizobeba. Sikutaka yangu ibaki kipande.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba Lee-Enfield haina mbao moja kama Mauser au Remington. Kitako ni kipande chake, kinafungwa na bolti ndefu inayopita ndani kwa ndani. Mbao ya mbele ni kipande kingine. Kwa hiyo unanunua vitu viwili vyenye tabia mbili tofauti kabisa.

Kitako ni rahisi. Kilitengenezwa kwa saizi nne: kirefu, cha kawaida, kifupi, na kifupi zaidi, zikipishana kwa nusu inchi. Herufi imegongwa kwenye mbao, kwa juu, karibu na chuma: L, N, S au B. Mimi si mrefu, na ninawinda nikiwa nimevaa koti zito, hivyo nilichukua S na nimeridhika nacho kabisa. Ukiagiza bila kuuliza herufi utaletewa chochote kilichokuwepo rafuni. Kukitoa cha zamani, unafungua kifuniko kidogo kwenye bamba la nyuma, unaingiza bisibisi ndefu, unafungua bolti. Ila ndani ya tundu kuna kizibo cha ngozi au sufi kinachoikalia bolti. Kitoe kwanza kwa waya wenye ndoano, la sivyo bisibisi haitashika. Na kwa mwenye No. 1, ile ya zamani zaidi, ni lazima mbao ya mbele itoke kabla hujagusa bolti ya kitako. Kichwa cha bolti yake kina pembe nne na kimeshikwa na kibati kilichomo kwenye mbao ya mbele. Ukikizungusha mbao ikiwa bado ipo, unaipasua.

Mbao ya mbele ndiyo yenye kazi, na ndiyo iliyonila muda na pesa.

Nilifikiria za plastiki. Rafiki yangu mmoja, Mkongo wa Bukavu, ameweka kwenye yake na anaipenda. Ni nyepesi, haijali theluji wala mvua, inafungwa jioni moja, na inauzwa kwa bei isiyoumiza. Niliishika, nikaipiga. Kwa mtu mwenye bunduki iliyokatwa mtutu na anayetaka nyama tu, sina la kuipinga. Lakini mkononi ina mlio wa uwazi ambao mbao haina, na kwa bunduki iliyo kamili naona ni kuinyima haki yake.

Kisha nikaagiza mbao kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, hapa hapa Kanada. Maelezo yake yalisema ni mbao ya jeshi isiyowahi kutumika, inaingia bila kazi yoyote. Ilikuja ikiwa safi kweli, ya mti wa bichi, yenye rangi nzuri. Lakini nilipoilaza juu ya meza iliyonyooka, ncha ya mbele ilikuwa imepinda kushoto kiasi kwamba mtutu ungeegemea ukuta mmoja wa mfereji. Mbao ikikaa miaka mingi kwenye ghala kavu bila chuma cha kuishikilia, hujikunja. Nilimpigia picha, nikamweleza. Alikubali kuipokea lakini gharama ya kurudisha akaniachia mimi. Sikulipenda hilo, kwa sababu kasoro haikuwa ya kuonekana kwenye picha zake, na yeye ndiye aliyekuwa na mbao mkononi.

Ya pili niliipata kwa mzee mmoja mkusanyaji wa bunduki za vita, kwenye maonyesho ya kuuziana vifaa vya zamani. Hii ilikuwa ya mti wa jozi, nzito, imetumika, ina makovu, lakini imenyooka. Aliniruhusu niitazame kwa jicho moja kutoka nyuma hadi mbele kama mtu anayepima rula, akanisubiri bila haraka. Swali lake la kwanza lilikuwa kama yangu ni Mk I au Mk 2, yaani toleo la kwanza au la pili la No. 4. Ni swali zuri sana. Kwenye Mk I kifyatulio kimening'inizwa kwenye kinga yake ya chini. Kwenye Mk 2, zilizoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1940, kimening'inizwa kwenye mwili wa chuma wenyewe, kwa hiyo mbao yake imechongwa tofauti nyuma. Muuzaji asiyekuuliza hivyo hajui anachokuuzia. Mzee alikuwa pia na vifuniko viwili vya juu na pete zote, nikachukua vyote kwa pamoja.

Mbao yenyewe haihitaji leseni kuinunua wala kutumiwa kwa posta, kwa sababu kisheria haihesabiwi kuwa silaha. Bunduki ndiyo yenye masharti: isafirishwe bila risasi, na umkabidhi fundi mwenye kibali.

Nilimpelekea fundi bunduki kusini mwa jiji, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana kazi aliyoifanya ndiyo iliyofanya mbao iwe na thamani. Bei yake ilizidi bei ya mbao, na nilipomwona anavyofanya nikaacha kuihesabu.

Mbao ya mbele ya No. 4 haibebi mtutu tu. Nyuma kabisa, ndani, kuna nyuso mbili ndogo za mbao, kila moja si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, na hizo ndizo zinazopokea teke la bunduki kutoka kwenye chuma. Zikigusa upande mmoja tu, upande huo unapondeka, mbao inapasuka, na risasi zinaanza kutawanyika bila wewe kujua kwa nini. Fundi alichovya brashi kwenye rangi nyeusi laini, akapaka chuma, akashusha mbao mahali pake kwa kuisukuma moja kwa moja, akaitoa. Upande wa kushoto ulikuwa na doa jeusi. Wa kulia ulikuwa mweupe mtupu. Akashika patasi nyembamba na kukwangua pale penye weusi, unga tu wa mbao, si kipande. Akapaka tena, akashusha tena, akatoa tena. Alirudia hivyo hadi madoa yakalingana pande zote mbili, na mchana wote ulikuwa umekwisha. Aliniambia jambo ambalo sasa namwambia kila mtu: mbao hii haitolewi kwa kuiyumbisha. Inavutwa chini imenyooka, kwa sababu kuyumbisha kunavunja zile nyuso mbili.

Baada ya hapo akapima mbele. Kwenye ncha ya mbele, mbao inatakiwa kuusukuma mtutu juu kwa shinikizo la ratili 2 hadi 7, na katikati mtutu usiguse chochote. Kwangu shinikizo lilikuwa dogo kidogo, akarekebisha. Akaangalia pia kibweta cha chuma ambamo skrubu kuu ya mbele inapita, kile kinachozuia mbao isibanwe kupita kiasi. Watu hukipoteza sana wakibadilisha mbao, na bila hicho skrubu haikazi kwa kipimo. Akapima pia nafasi iliyopo kati ya komeo la bunduki likiwa limefungwa na kitako cha risasi iliyo chumbani, bila kuniomba senti ya ziada.

Mafuta nilipaka mwenyewe nyumbani. Ni mafuta mabichi ya mbegu za kitani, kama jeshi lilivyotumia: unapaka kidogo, unasugua kwa kiganja hadi kipate joto, unaacha siku, unarudia. Jozi inakunywa taratibu na inang'aa kwa ndani, si kwa juu. Tafadhali sana, vitambaa vyenye mafuta haya usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo ya taka. Hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vianike nje vikiwa vimetandazwa, au vitie kwenye maji.

Shabahani, kwa mita 100, risasi tano zinakaa ndani ya duara ninaloweza kulifunika kwa kiganja, kwa vilenga vya chuma bila darubini. Kabla ya hapo nilikuwa sijui ya tatu itaangukia wapi. Alama ya kulenga ilihama, kwa hiyo panga kupiga risasi za kurekebisha kabla hujaenda porini.

Baridi yetu ya Alberta hukausha mbao, na nyumba yenye hita huikausha zaidi. Baada ya miezi ya kwanza ya baridi skrubu kuu ilikuwa imelegea kidogo. Fundi alinionya mapema, nikaikaza. Sasa naiangalia kila msimu unapokaribia.

Ikiwa unapanga bajeti, gawa pesa zako hivi: mbao iliyotumika lakini imenyooka, uliyoishika kwa mkono wako, na kiasi kikubwa zaidi kwa fundi. Mbao mpya ya picha nzuri isiyo na fundi sikushauri. Muulize fundi kabla ya kumpa kazi kama anazijua nyuso za nyuma za No. 4 na anazilinganisha kwa njia gani. Akijibu kwamba anajaza gundi ya epoksi na kufunga, endelea kutafuta mwingine. Mimi bado natafuta bamba la nyuma la shaba, maana nililonalo ni la aloi ya kijivu. Mwenye nalo Edmonton au Calgary tuwasiliane.