Mabeseni manne Horombo

Nimezaliwa Marangu, nimestaafu uuguzi, na miaka yote nimekuwa nikiiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nikianika nguo. Kiangazi kilichopita, nikiwa na miaka 61, nikasema basi, nipande kabla magoti hayajagoma. Kampuni iliyonipandisha jina silitaji, ofisi yao iko Moshi mjini. Mtanzania analipa kiingilio cha hifadhi kwa bei yake na mgeni kwa yake, hilo ni sawa kabisa. Ila naona kuna watu wakishaona umelipa shilingi, wanakuhesabu nusu mteja.

Njia ya Marangu mnalala mabandani. Siku ya kwanza mpaka Mandara, kambi ya kwanza, sina neno: msitu, mbega, chai na bisi za moto. Horombo, kambi ya pili, ndipo nilipojua niko na nani.

Kundi tulikuwa watano, Wajerumani wanne na mimi. Nimefika na vumbi mpaka kwenye kope. Ukifika kambini unaletewa beseni la maji ya moto unawe kabla ya chai. Yakaja mabeseni manne. Nikasubiri, nikadhani la tano liko njiani. Mwisho nikamuuliza kiongozi wetu, kijana sawa na kitinda mimba wangu, ambaye shikamoo yake sijaisikia tangu getini. Akacheka.

"Bibi, si wewe ni wa hapa hapa? Maji ya baridi umeyazoea."

Mbele ya wapagazi! Nikanawa bombani, vidole vikafa ganzi, na ile "bibi" nikapanda nayo mpaka kambi ya Kibo, ya mwisho kabla ya kilele.

Haki yake nimpe lakini. Usiku wa kilele tulitoka saa sita. Karibu na Pango la Hans Meyer nikatapika. Alinivua begi akalibeba yeye, akanivisha kipimo cha oksijeni kidoleni, akanimulika usoni, akaniambia nimtajie wajukuu wangu mmoja mmoja asikie kama akili iko sawa. Mimi wodini nimekaa miaka zaidi ya 30, kwa hiyo wakati ananipima nami nilikuwa nampima. Sikuona kosa. Tulifika Gilman's, ukingoni mwa kreta, jua likitokea nyuma ya kilele cha Mawenzi, mawingu yametanda chini yetu kama pamba iliyofunguliwa bandani. Akasema Uhuru, kilele chenyewe, tuiache. Nilijua yuko sahihi. Nililia pale, na sikuona haya.

Nikaamua kusamehe. Nyota tano nilishazitoa moyoni wakati tunateremka.

Tukarudi Horombo kulala. Miguu inatetemeka, midomo imepasuka. Yakaja mabeseni. Nikahesabu. Manne!

Kwa hiyo mniulize niwashauri nini. Usiku, juu kule, yule kijana mfuateni, hamtapotea. Mchana sijui. Labda mlipe kwa dola, au mjifanye mmetoka Hamburg. Nyota tatu. Hapana, mbili, kila nikikumbuka kile kicheko zinapungua.

Kulipoingia giza, mpagazi mmoja mdogo, ambaye siku nzima alibeba mzigo kichwani bila kusema kitu, aligonga mlango wa banda langu. Ameshika sufuria ya jikoni, maji ya moto nusu, yananuka vitunguu vya supu. "Shikamoo mama. Nawa haraka, wanaitaka ya kupikia."

Tipu yake sikuiweka kwenye bahasha ya kampuni. Nilimpa mkononi, getini, wote wakiona.