Miss Marple au Poirot: uanze na nani?

Wote wawili ni wapelelezi wa kubuni katika hadithi za uhalifu za mwandishi Mwingereza Agatha Christie. Poirot alitangulia, 1920: Mbelgiji mkimbizi wa vita, polisi mstaafu, masharubu yametunzwa, na hachoki kujisifu. Ukipenda fumbo lililosukwa kwa ustadi, shika huyo.

Mimi lakini moyo wangu uko kwa Miss Marple, aliyeingia kwenye riwaya mwaka 1930. Bibi wa kijijini St Mary Mead, yuko bustanini kwake, ukidhani anashughulika na maua tu. Kumbe ameshaona nani kapita, saa ngapi, na kwamba mwanamke aliyepita hakubeba mkoba! Hana cheo wala maabara. Anawajua watu: mshukiwa humkumbusha jirani fulani mwenye tabia ileile. Polisi humpuuza, kisha wanarudi wenyewe kumwuliza.